Saa ya Kinshasa mu Mashini ya Walikale

Wamama na wapapa wa Kashuga, na ninyi wageni wenye mulilala njiani ili mufike hapa, nimesikia makofi yenye mulinipigia wakati nilisimama. Naomba muyaweke kwanza pembeni. Kama nyuma ya kunisikia mutaona nayastahili, mutanipa. Mimi mwenyewe nafikiri hamutanipa.

Nimesimama kwa ajili ya muntu moja. Sitataja jina yake, lakini munamujua. Alikuwa anaimba mu korali ya kanisa hii, na kazi yake ilikuwa ku biro ya kuandikisha watu wenye kukimbia vita. Mulimuita muongo. Si wote, lakini wengi. Wengine mulisema aliuza mutoto wa mama mwenzake. Nimekuja kuwaambia ule uongo ulitoka wapi. Ulitoka kwangu.

Mimi ni mutoto wa hapa Masisi, wa nyumba ya maharagi na viazi, kule juu ku milima. Mama yangu, Mungu amupumuzishe, hakukuwa anaweka mbegu yote mu nyumba moja. Ya kwanza ilibaki kwetu, ingine alipelekea dada yake ku kilima cha pili, ingine tena kwa shemeji yake. Alikuwa anasema, vita ikichoma hapa, haitachoma kote. Tulikimbia, tulirudi, tukakuta nyumba imekuwa majivu, na ile mwaka tulipanda mbegu ya kwa mama mukubwa. Naona wamama munakubali na kichwa. Hata ninyi munafanya vile.

Baba akanisomesha informatiki, kazi ya kompyuta, ku Goma, na kazi ikanikuta na ile akili ya mbegu. Kulikuwa shirika moja lenye lilifungua ukurasa mukubwa ku internet, wa kutafutia watu wenye kupotezana mu vita. Ukikimbia, unaenda ku biro ya karibu, ajenti anaandika jina yako, anaandika unatafuta nani, na watu wa jimbo nzima wanaweza kusoma. Vita ikichachamaa, watu wanaingia mule wote kwa mara moja. Na ile yote ilikuwa inakaa mu mashini moja tu, ku Goma. Rezo, ile njia ya internet, ikikatika, Walikale haiandike, Masisi haione. Mashini ikizimika, wote ni giza. Njo wakaniita: dada, utuchoree mupango wenye hautaanguka.

Nikachora. Badala ya mashini moja, tatu: moja Goma, moja sentre ya Masisi, moja sentre ya Walikale. Kila moja inabeba kopi ya maneno yote. Rezo ikikatika, kila moja inaendelea kuandika yake. Rezo ikirudi, zinasemezana, kila moja inapatia wenzake yenye hawana. Mbegu mu nyumba tatu. Nilipendwa, ndugu zangu. Nilisimama mbele ya wakubwa wa shirika, watu wa kravati, nikawaonyesha mishale ku ekrani, wakaniita kichwa ya hatari. Papa wa pale nyuma anacheka, acheke tu. Mimi sikucheka, niliamini.

Swali lilikuwa moja tu. Kama habari ya mutoto moja imeandikwa namna mbili, Walikale inasema hivi, Masisi inasema vile, mashini itashika ya nani? Nilijibu hata mate sijameza: itashika ile yenye iliandikwa nyuma. Neno la mwisho njo la kweli. Inasikika vizuri, si vile?

Sasa munisikilize polepole hapa, juu hapa njo niliangukia.

Mashini ya Walikale ilitayarishwa na mwenzetu moja wa Kinshasa, kisha nikaifunga mimi mwenyewe. Nilipoiwasha, nikaona saa ku ekrani iko nyuma ya saa ya mukono wangu. Saa moja muzima. Nikasema, hii mashini safari imeichokesha, nikaisukuma mbele. Nikaenda kukula. Nikirudi, nakuta imejirudisha kule kule, kwa sababu kuna njia yenye mashini zinaulizana saa kati yao. Nikakasirika. Nikafunga ile njia, nikasukuma saa tena, na sasa ikanitii. Nilijisifu hata. Wakaniletea tena ndizi na sombe, nikakula mara ya pili, muntu mwenye amemaliza kazi.

Nikarudi Goma. Ule mupango ulitembea vizuri. Rezo ilikatika, watu waliandika. Rezo ilirudi, kopi zilisemezana. Nilipata mupaka hata cheo.

Kisha vita ikapita mu vilima vyetu, munakumbuka, na mama moja akapotezana na mutoto wake. Mutoto mwanamuke, mudogo, wa kubebwa akichoka. Watu wenye kukimbilia upande wa Walikale wakamubeba, wakamufikisha ku sentre, akaandikwa kule. Mama yake akaangukia hapa Kashuga. Akaingia ku biro ya hapa, yenye kuandikia mu mashini ya Masisi, na yule dada yenu wa korali akafungua ukurasa, akatafuta, akaona sura ya mutoto. Wote wawili walilia. Dada akaandika: mama yuko hapa Kashuga, ni muzima, anangojea mutoto wake. Akamuambia mama: nimeandika, watamuleta.

Lakini ile asubuhi rezo ilikuwa imekatika. Na kule Walikale, kidogo kabla dada hajaandika, ajenti wa kule alikuwa ameandika yake: mutoto hana ndugu, apelekwe Hombo, kuna familia ya kumulea. Muone vizuri: ya Walikale iliandikwa kwanza, ya Kashuga ikaandikwa nyuma. Rezo ikarudi, kopi zikasemezana, zikashika neno la mwisho. Na kwa macho ya mashini, neno la mwisho lilikuwa la Walikale. Maneno ya dada yakafutwa mu kopi zote tatu. Mutoto akapelekwa Hombo.

Mama alingojea. Muntu akikuambia nimeandika, unangojea. Alingojea mupaka akachoka, akarudi ku biro, ukurasa ukafunguliwa: mutoto hana ndugu. Wakauliza Hombo, wakaambiwa ile familia imehama, imevuka upande wa Kivu ya Kusini, hakuna mwenye kujua fasi yenye iko. Mama alipiga kelele yenye wengine wenu mulisikia.

Mukutano ukaitishwa. Mimi nikaletwa kutoka Goma juu ya kueleza mambo ya mashini. Dada alisimama mbele yetu, mikono nyuma, akasema: "Mimi niliandika. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu. Niliandika." Shefu wa shirika akanigeukia. Na mimi, ndugu zangu, sikufungua mashini. Sikuangalia kitu. Niliona haja gani ya kuangalia, mimi kichwa ya hatari? Nilisema: "Mashini haisahau. Muntu njo anasahau."

Maneno hayo yalitoka mu kinywa changu, na yakamaliza kazi yake. Alifukuzwa ile siku. Mama wa mutoto alimutemea mate ku mulango. Na ninyi hapa, nilisikia nyuma, mulianza kumuachia benchi ya kanisa akae peke yake. Aliondoka, akaenda kwa ndugu wa mama yake ku Pinga, kulima.

Mimi nilirudi Goma, nikalala vizuri.

Ukweli ulinikuta ku kilio, ku maziko ya baba yangu mudogo. Tulikuwa tumekusanyika kule nyumbani, na kaka yangu mwenye kukaa Kinshasa hakuweza kufika. Tukapatana kusema naye kwa telefone: saa ya kuomba ikifika, atatuita, ataomba pamoja na sisi. Ikafika. Tukangojea. Telefone kimya. Pasta akaomba, tukamaliza, watu wakasimama, wengine wakaanza kukula. Ilikuwa imepita saa moja muzima njo kaka akaita, na sauti ya heshima yote: "Niko hapa, tuanze." Vijana walikasirika. Shangazi yetu akasema, "Mumuache. Kinshasa jua inachelewa kufika. Hata yeye yuko ku saa yake."

Watu walicheka kidogo, ginsi watu wanacheka ku kilio. Mimi niliangalia saa ya mukono wangu.

Mashini ya Walikale haikuwa imechoka na safari. Ilikuwa inasoma saa ya Kinshasa, kwa sababu ilitayarishwa Kinshasa, na saa yake ilikuwa sawa kabisa. Ilitakiwa niiambie tu: sasa uko Walikale. Mimi nikaiacha ijifikirie bado iko Kinshasa, nikasukuma saa kwa mukono, na ile njia ya kuuliza wenzake nikaifunga. Tangu ile siku kila neno lenye liliandikwa Walikale lilionekana kwa zingine kama limeandikwa saa moja mbele. Ukiandika kitu Masisi nyuma kidogo ya Walikale, yako inahesabiwa ya zamani. Inafutwa. Nilijenga nyumba tatu ili ukweli usipotee, na kosa langu nalo likapata nyumba tatu.

Sasa mutasema: njo pale ulienda kusema. Hapana. Muniruhusu niinamishe kichwa kidogo.

Nilirudi Goma, nikafungua mashini ya Walikale kutoka mbali, nikaiambia uko Walikale, nikafungua ile njia, nikarudisha saa. Kimya kimya. Hakuna mwenye aliona. Shefu akanisalimia asubuhi, "Dada, mambo iko sawa?" Nikasema iko sawa. Nilijua kule Pinga kuna muntu analima na jina ya uongo ku mugongo. Nilijua mutoto yuko fasi fulani na mama yake yuko fasi ingine. Nilijua pia, juu ni kazi yangu kujua, kwamba kuna watu wengine wenye maneno yao yalifutwa vile vile, na kama sisemi hakuna mwenye atawatafuta. Nikanyamaza. Miezi. Nilikuwa naenda kanisani na kanga safi.

Nilianguka mara mbili, musisahau. Ya kwanza ni kosa, kila muntu anaweza kusukuma saa. Ya pili si kosa. Ya pili ni mimi.

Yenye ilinivunja ilikuwa hapa hapa Kashuga. Nilikuja juu ya antene ya biro, yenye upepo ilikuwa imeinamisha. Yule mama alikuwa amekaa ku mulango, na avoka zake za kuuzisha. Akanijua. Akasema, na sauti ya chini, hata hakusimama:

"Dada, ile mashini yako haisahau, si njo vile ulisema?"

Akaendelea:

"Basi uniulizie kitu kimoja. Inasema mutoto wangu hana ndugu. Uiulize kama mimi nilikufa. Juu kama nilikufa, hakuna muntu alinijulisha."

Ndugu zangu, nawaambia, antene niliiacha. Nikakaa chini pale pale mu matope, na nguo ya biro, nikamuambia yote. Saa, Kinshasa, Walikale, kufuta, kunyamaza. Sijui kama alisikia yote. Nilipomaliza alipanga avoka zake mu kitunga moja moja, akasimama, akasema, "Ile ya kwako nitaisikia siku ingine. Kwanza mutoto."

Siku ile ile nilimuita shefu. Aliuliza swali moja: "Nani mwingine anajua?" Nikaelewa alitaka tuifiche. Na nikawa karibu kukubali, siwafiche, hata pale moyo ulinivuta nikubali. Nikasema, "Mama wa mutoto anajua." Akapumua kwa nguvu, akaitisha mukutano.

Nilisimama mbele ya wale wale wenye kravati. Mara hii bila mishale. Cheo kikaondoka, na mupango ukapewa yule mwenzangu wa Kinshasa, mwenye ningeweza kumutupia kosa, na ambaye hakunitupia hata neno moja. Aliniambia tu, "Dada, kaa hapa, tuokote." Mashini haifute kabisa, inazika tu, na tukafukua. Tukapata maneno ya dada, na ya watu wengine. Tukawafuata moja moja. Wengine tuliwapata. Wengine walikuwa wameenda mbali, na hao ninawabeba. Leo ule mupango unatembea ingine namna: kama maneno mawili yanapingana, mashini haichague tena. Inayashika yote mawili, inaita watu wa pande mbili, wasemezane.

Mutoto tulimutafuta Hombo mimi na mama yake, ku pikipiki, mu matope ya ile barabara munaijua. Wakristo wa kule walitangaza mu makanisa, habari ikavuka, na ile familia ikarudi na mutoto. Watu wazuri. Walikuwa wamemulea kama wao. Mama akamusemesha Kihunde, mutoto akamujibu Kiswahili, akajificha nyuma ya ule mama mwingine. Niliona yote. Hakuna mwenye aliniambia nitoke, na hakuna mwenye aliniambia nikae. Leo yuko hapa Kashuga, anaanza kurudi polepole, na anaita wamama wawili mama. Yule wa Hombo anakuja kumuona.

Ikabaki Pinga.

Nilimukuta dada mu shamba ya muhogo. Hakuacha jembe. Nilimueleza nikisimama, yeye akiendelea kulima, na nilipofika ku ile saa ya Kinshasa akasimama, akaegemea jembe. Nilingojea anitukane. Nilikuwa hata nataka anitukane.

Akasema, "Unajua ulinifanya nini? Mwanzo nilijua niliandika. Nilikuwa nawaambia watu, niliandika, niliandika. Nyuma nikaanza kujiuliza, labda sikuandika. Wewe ulisoma, mashini haisahau. Nikaanza kuamini mashini yako kuliko mikono yangu. Hata ile siku yenyewe, mama pembeni yangu analia, nikasema labda niliiota."

Nilifikiri nilimunyanganya kazi na jina. Kumbe nilimunyanganya mupaka kukumbuka kwake.

Nikamuambia nitasema mbele ya watu wa Kashuga, nitapiga magoti, nitamuomba musamaha mbele ya kanisa nzima. Akatikisa kichwa.

"Uende useme, njo haki yangu. Useme kwa wale wenye waliniita muongo. Lakini musamaha usiniombe pale. Mbele ya watu nitawezaje kusema hapana?"

Kwa hiyo, ndugu zangu, siombi. Wale wenye mulikuwa munangojea nipige magoti, munisamehe ninyi. Nitasimama.

Nawashukuru. Namushukuru mama wa avoka, mwenye alinipeleka mbele na maneno yake hata bila kunigusa. Namushukuru yule wa Kinshasa. Namushukuru papa wa pikipiki mwenye alisukuma na sisi mu matope na hakutuuliza kitu. Nashukuru makanisa ya Hombo, na mama wa Hombo mwenye alirudisha mutoto mwenye alimupenda, na hilo mimi siwezi kulipima. Nashukuru shangazi yangu, hata hajui alifanya nini.

Na fundisho, kama munakubali kulipokea kwa muntu sawa mimi, ni hili. Wakati muntu anasimama mbele yako anasema nilifanya, na wewe unajua tu kusema haiwezekani, usijibu ile siku. Enda kwanza uangalie kazi ya mikono yako mwenyewe. Mimi nilikuwa na mashini tatu za kunisaidia kukumbuka, na sikufungua hata moja.

Dada amefika leo. Amekaa pale karibu na mulango, ameniambia atatoka nikimaliza, na mutamuachia njia. Musimufuate, musimushike mikono. Kama ananisamehe siku ingine, ao hapana, ni yake. Mimi niko hapa juu ya kuwaambia neno moja lenye nililikataa siku ya mukutano, na munisikie vizuri, ninyi wenye mulimuachia benchi peke yake.

Ile asubuhi yule mama alifika Kashuga, na huyu dada aliandika.

Aliandika.